Makaa ya Chetezo

Kabla hajamaliza kuvua viatu, Siwema alisikia kitu ambacho hakuwahi kukisikia ndani ya nyumba ile tangu mjukuu wake azaliwe. Alisikia mtoto ananyonya.

Ilikuwa sauti ndogo tu, ya kumeza na kupumua, kumeza na kupumua, kama paka anayeramba maziwa kisahanini. Akasimama pale ukumbini, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, akatega sikio. Uso wake wote ulianza kucheka. Halafu pua ikapata harufu, na kicheko kikaishia njiani.

Nyumba nzima ilinukia udi. Hilo halikuwa ajabu, maana bintiye Zamda alikuwa ndani ya arobaini, na mzazi hufukizwa. Lakini chini ya udi palikuwa na harufu nyingine, nyembamba, chachu, ya togwa lililosahaulika chunguni likapitiliza. Siwema alikuwa akiinusa harufu ile kila siku ya kazi, miaka nenda miaka rudi. Nje ya kuta za Nyumba ya Joto hakuwa ameinusa hata mara moja. Haikutakiwa kunukia nje.

"Bibi yake Arafa huyo amefika!" Bi Chausiku aliita kutoka chumbani. "Njoo mkwe, njoo uone! Jana umeshinda unajifuta machozi, leo mtoto anataka kumng'oa mama yake titi!"

Bi Chausiku alikuwa mama wa mume wa Zamda. Mwanawe yuko kwenye ujenzi wa reli, mbali, kwa hiyo yeye ndiye aliyekuja kumlea mzazi. Mwanamke mpana, mcheshi, akicheka kitanda kinacheka.

Siwema aliingia polepole. Zamda alikuwa ameegemea mto, kanga kifuani, mashavu yamelowa. Akamnyooshea mama yake kidole, kama watu wote wa Kitopeni wanavyoamkiana. Siwema akakibonyeza nchani.

"Wasikia?"

"Nasikia, mama. Na yeye anasikia. Mbonyeze!"

Arafa alizaliwa na ganzi mdomoni. Ndivyo walivyoiita sumu ya mji wao, ganzi. Ilitoka kwenye jaa la betri ambalo babu zao walilifukia wakadhani wamemaliza kazi, ikaingia kwenye maji yote ya ardhini. Huanza kwenye ncha za vidole, ikapanda ulimi, ikashuka kifuani, na kifua kikisahau kupumua ndiyo basi. Zamda aliipata kabla hajajijua kama ni mjamzito. Mtoto akatoka na midomo kama zambarau, haijui titi wala kijiko. Walikuwa wakimdondoshea maziwa kooni kwa pamba, tone kwa tone, na kila siku uzito wake ulikuwa unapungua mkononi.

Siwema alibonyeza kidole kile kidogo. Mkono wa mtoto ukajikunja, ukamshika.

Akauchomoa wake kama aliyeunguzwa.

"Vipi tena?" Zamda aliuliza.

"Hamna. Mikono yangu ya baridi."

Chetezo kilikuwa chini, karibu na kichwa cha kitanda, pembeni yake beseni la maji ya kukandia bado linafuka mvuke. Siwema alichuchumaa. Kipande kimoja cha kaa kilikuwa kimeshakuwa jivu. Vingine vilikuwa vyeusi bado, vimepata joto tu, vinatoka jasho. Akaokota kimoja. Kilikuwa kimepinda kidogo, kama ukucha. Kilikuwa cha kifuu cha nazi.

Makaa mazuri ya vifuu yana mlio. Ukiyagonganisha yanalia kama vigae vya chungu. Siwema aligonga kile kipande kwenye ukingo wa chetezo. Kikatoa sauti ya tope likianguka.

"Mkwe," alisema, "makaa haya umeyapata wapi?"

"Usiniulize kwa jicho hilo, sijaiba! Wewe mwenyewe unajua, tangu wapige marufuku kukata miti, kaa la kufukizia unalitafuta kama dawa. Na mimi mkaza mwanangu amalize arobaini bila chetezo? Ningewaambia nini watu wa kwetu? Basi, napita nyuma ya kazini kwenu, toroli likaingia kwenye lile shimo, bwa! likamwaga. Vijana wakazoa, lakini yaliyoingia mtaroni wakayaacha. Nikasema hii riziki yangu. Nikayafunga kwenye ncha ya kanga." Akacheka. "Na unaona? Makaa yenyewe yana baraka. Nimemfukiza mama, nikampitisha na mtoto juu ya moshi, haikuchukua muda, huyo! Titi!"

Siwema hakucheka. Alichukua chetezo kizima, akakifunika kwa sufuria, akakisukuma nje ya dirisha kwenye kibaraza.

"Maji ya mtoto," alisema, "ya kumkogesha, ya kufulia nepi zake, yote, msiyamwage karoni. Muyaweke kwenye ndoo mpaka nirudi kesho kutoka kazini."

"Kwa nini?" Zamda aliuliza.

"Fanyeni tu nilivyosema."

*

Asubuhi Nyumba ya Joto ilikuwa na kazi nyingi. Makaa yaliyoshiba yalikuwa yamefika kutoka kwenye matangi makubwa, mazito, yamelowa, meusi yasiyong'aa. Siwema na wenzake walivaa glavu na barakoa, wakayatandaza kwenye masinia ya udongo, tabaka jembamba, bila kulundika, kama mtu anavyoanika dagaa.

Mji ule usingeishi bila kazi ile. Maji ya kisima yanapita kwenye tangi lililojaa makaa ya vifuu. Kila kaa lina vitundu visivyoonekana, na ganzi huingia humo ikanasa. Lakini vitundu hujaa. Zamani makaa yaliyojaa yalitupwa, mapya yakachomwa. Siku hizi minazi imekufa kwa ugonjwa, vifuu hakuna, kwa hiyo yale yale yanasafishwa na kurudishwa, tena na tena. Moto peke yake hauiwezi ganzi; ukiichoma inapanda na moshi na kushukia kwa jirani. Ndiyo wataalamu wakatengeneza chachu, vijidudu vya kula ganzi. Unainyunyiza kwenye masinia, unafungulia mvuke wa vuguvugu, chachu inaamka, inaingia kwenye vitundu, inakula. Ikimaliza, makaa yanapakiwa kwenye toroli yapelekwe kwenye tanuru. Mle hewa imezibwa ili yasiungue, mvuke mkali unapulizwa, makaa yanakuwa mekundu kama jua la kuzama, na chachu inakufa yote. Yakipoa yanaoshwa, yanachekechwa, yanarudi kwenye matangi yakiwa yanalia vizuri.

Chachu baridi inalala. Kwenye joto inaamka. Ni wekundu tu unaoiua. Hayo kila mfanyakazi aliyajua kama anavyojua njia ya kwao. Na kati ya masinia na tanuru palikuwa na kipande cha barabara, chenye shimo.

Mhandisi Kabuche alipita kukagua. Kijana mrefu, mpole, mwenye tabia ya kubeba kikombe cha chai akasahau kukinywa. Wanawake walimpenda kwa sababu aliwasikiliza.

"Mhandisi," Siwema alimwita, macho kwenye sinia. "Hivi chachu ikimwingia mtu, inakuwaje?"

Kabuche alisimama. "Kuna mtu kavua barakoa?"

"Hapana. Nauliza tu. Nafanya nayo kazi kila siku, nijue."

"Mtu mwenyewe hadhuriki." Akaitazama chai yake. "Tena inamfaa. Itakula ganzi iliyomo mwilini mwake. Na hapo ndipo panaponitisha, Bi Siwema. Ingekuwa inaua, mtu angepiga kelele. Lakini mgonjwa anapona! Nyumba inafurahi, nani aseme? Kule Ruvuni walifurahi hivyo hivyo."

Siwema alikuwa amelisikia jina la Ruvuni, kama watu wote, lakini hakuna aliyependa kulizungumza.

"Ikikaa kwenye damu ya mtu haijui tena baridi," Kabuche aliendelea. "Hailali. Inatoka kwenye mate, kwenye mkojo, kwenye maji ya kuoga. Maji hayo yanarudi kwenye matangi, si tunayatumia tena? Basi inaingia humo. Inakula ganzi kidogo, halafu inaona ganzi kuichokonoa vitunduni ni kazi, inakula kaa lenyewe. Kaa likishaliwa, ganzi yote lililokuwa limeishika inaachiwa kwa mara moja. Tangi lililala makaa, likaamka uji. Watu wa Ruvuni walikunywa uji ule kabla hawajajua. Tulipofika, tuliwakuta wamekaa. Wamekaa tu, barazani, macho wazi, wanatuangalia. Hakuna aliyeweza kuinua mkono."

Siwema aliliweka sinia chini.

"Na aliyeanzisha?" aliuliza. "Mtu mwenye chachu, hana dawa?"

"Sheria unaijua. Kambi ya Reli."

Aliijua. Ng'ambo ya reli, nyuma ya uzio, hapakuwa na tangi wala kaa hata moja, kwa sababu kaa lolote likifika kule linaliwa. Waliopelekwa kule walikunywa maji ya kisima kama yalivyo. Hakuna aliyeruhusiwa kurudi kusimulia. Siku nyingine moshi wa jikoni ulionekana, na watu wa mjini wakiuona hugeuza uso.

"Nimekutisha, Bi Siwema. Samahani." Kabuche akatabasamu. "Hebu tuache hayo. Mjukuu anaendeleaje? Ameanza kunyonya?"

Siwema aliinamia sinia, akasawazisha makaa.

"Bado," alisema.

"Atanyonya. Tunamwombea wote hapa."

Mwisho wa zamu yao, langoni, kila mmoja alisimama mbele ya kigae cha kioo kilichopakwa unga wa kaa, akapuliza. Unga ukibaki mweusi, unapita. Ukiwa na chachu kifuani, unga unageuka kijivu pale pale. Siwema alipuliza akiwa amefumba macho. Alipoyafumbua, kigae kilikuwa cheusi tii. Mlinzi akampungia apite.

Yeye alikuwa safi. Akaharakisha kwenda nyumbani.

*

Jua lilikuwa bado juu alipofika nyumbani. Bi Chausiku alikuwa ua wa nyuma, anaanika nepi kwenye kamba, anaimba.

"Ile ndoo iko wapi?" Siwema aliuliza bila salamu.

"Ndoo gani? Aaa, ya maji ya mtoto? Ilijaa asubuhi tu, mkwe. Huyu mtoto sasa hivi anakojoa kama mzee wa kikao!"

"Maji umeyapeleka wapi?"

"Karoni."

"Nilisema msiyamwage karoni!"

Bi Chausiku aligeuka, nepi mkononi. Hakuwahi kupigiwa kelele na mkwe wake. "Ningeyapeleka wapi? Niyamwage chini? Mtu na akili zake amwage maji chini, watoto wa mtaa wananiangalia? Hata mimi mgeni najua hapa mtu akimwaga maji ardhini hazikwi na watu."

Ni kweli. Kitopeni mtu aliyemwaga maji chini hakuonekana tofauti na mtu aliyetemea chakula cha wenzake. Siwema mwenyewe alimchapa Zamda utotoni kwa kikombe kimoja. Aliingia jikoni, akapiga magoti chini ya karo.

Pale chini kila nyumba ilikuwa na kopo la bati, limejaa makaa, la kupunguza uchafu wa kwanza kabla maji hayajaenda kwenye birika la mtaa, linalokusanya maji machafu ya nyumba zote. Alilifungua, akalitoa, akalitikisa karibu na sikio.

Kopo la makaa hulia kama kayamba.

Hili halikulia. Kitu ndani kilihama kutoka upande mmoja kwenda mwingine, kizito, kivivu.

Akafungua kifuniko, akatia kidole. Kidole kikazama mpaka kwenye kifundo, kama kwenye uji uliopoa. Alikichomoa haraka, akakifuta kwenye gauni, akabonyeza ncha yake kwa kidole gumba.

Hakusikia kitu.

Akabonyeza tena, kwa ukucha, mpaka ukucha ukaacha alama. Aliiona alama. Hakuisikia. Kumbe ndivyo ilivyo, akawaza. Haiumi, inaondoka tu, kama mtu anayetoka chumbani bila kuaga.

Zamda alikuwa mlangoni, Arafa begani. Aliliona kopo, akaliona lile tope, akamtazama mama yake. Binti wa mfanyakazi wa Nyumba ya Joto hahitaji kuelezwa.

"Ni yale makaa," alisema taratibu.

"Ndiyo."

"Kwa hiyo kupona kwake..."

"Ndiyo, mwanangu."

Bi Chausiku alikuwa amefika nyuma yao. "Nini? Semeni nami nisikie. Makaa yangu yamefanya nini?"

Siwema alimweleza, kwa kifupi, bila kumlaumu. Kadiri alivyoeleza, ule uso mpana ulizidi kusinyaa, mpaka ukawa uso wa mtu mwingine. Bi Chausiku alikaa sakafuni alipokuwa amesimama.

"Mimi," alisema. "Kwa mikono yangu hii."

"Maji ya mtaa yako kwenye birika," Siwema alisema. "Jua likizama wanafungulia kwenda kwenye matangi makubwa. Mpaka hapo hayajachanganyika. Nikifunga koki ya mtaa, yanabaki pale pale."

"Ukifunga koki, kengele inalia kituoni," Zamda alisema.

"Inalia."

"Watakuja na vigae vyao. Watapulizisha watu nyumba kwa nyumba."

"Ndiyo."

"Mama, usifunge." Zamda alimkumbatia mtoto mpaka mtoto akalalamika. "Tusubiri kesho. Tutatafuta njia. Nitayanywa mwenyewe maji yake ya kuogea, hayatatoka tena. Mama, ni wewe uliyesema, ukiwa umepiga magoti kwenye mkeka, ukasema utafanya lolote ilimradi anyonye. Sasa ananyonya! Unataka nimpeleke ng'ambo, akanywe ganzi?"

"Kesho tangi litakuwa limeshakunywa."

"Labda halitaliwa. Labda ni hili kopo tu."

"Zamda, nimetia kidole."

Dirishani sauti za watoto wa mtaa zilisikika, wako kwenye bomba la kona, wanacheza ule mchezo wao wa kubonyezana vidole kwa zamu, anayechelewa kuita anatoka. *Wasikia? Nasikia! Wasikia? Nasikia!* Wakicheza na wakikinga maji kwa viganja, wanakunywa.

"Wao ni wengi na wangu ni mmoja," Zamda alisema, sauti imekwisha. "Najua. Kila mtu atanifanyia hesabu hiyo. Mimi sitaki hesabu, mama. Nataka mtoto."

Siwema aliogopa Kambi ya Reli kuliko alivyowahi kuogopa kitu chochote. Aliogopa pia wale watu wa Ruvuni waliokaa barazani macho wazi, na sasa walikuwa na nyuso: mama muuza maandazi, mwalimu wa madrasa, kile kitoto chenye kengeza kinachocheka kwa sauti kubwa kuliko wote pale bombani. Hofu mbili zilimvuta huku na huku, na hakuna hata moja iliyopungua kwa sababu ya nyingine. Alichojua ni kwamba jua linashuka.

Alisimama, akatoka nje.

Koki ya mtaa ilikuwa pembeni ya birika, gurudumu la chuma lenye kutu, halijazungushwa miaka mingi. Alilishika kwa mikono miwili, akavuta. Halikwenda. Kidole kile kilichokufa kiliteleza. Akavuta tena, akiwa analia bila sauti, na kwa mbali ndani ya moyo wake akatamani likatae kabisa, ili aseme alijaribu.

Mikono mingine mikubwa ikaja juu ya yake. Bi Chausiku. Wakavuta pamoja, gurudumu likatoa mlio wa kukereza meno, likaanza kuzunguka.

Zamda alitoka mpaka kizingitini na mtoto. Siwema alimsubiri apige kelele, aje amshike mkono. Hakuja. Alisimama pale akiwaangalia watoto wa bombani, mpaka koki ikafika mwisho.

Kengele ikaanza kulia kituoni.

*

Walikuja na mavazi meupe, wakasimama mbali, watoto wa mtaa wameshaondolewa na milango yote imefungwa. Kabuche alikuwa mbele. Hakuwa na kikombe. Kigae alikibeba kwenye ncha ya ufito mrefu, kama mtu anayemlisha mnyama.

Zamda alipuliza. Unga ukawa kijivu.

Bi Chausiku akapuliza. Kijivu, tena kwa haraka zaidi. "Pua langu kubwa hili," alisema, na kicheko kikamtoka vibaya, "limevuta moshi wa watu watatu."

Mtoto hakuhitajika kupuliza. Walisogeza kigae karibu na mdomo wake, kikageuka chenyewe.

"Bi Siwema." Sauti ya Kabuche ilikuwa nzito chini ya barakoa. "Asubuhi uliniambia bado."

"Nilikudanganya."

"Lakini koki umeifunga wewe. Birika tumelipima, limeoza. Matangi tumeyapima, hayana kitu. Nimewaambia wakubwa. Na langoni ulitoka safi." Akasogeza ufito, kigae kipya, cheusi. "Puliza. Ukiwa bado safi unabaki. Hicho kidole kitatibiwa, kazi utarudi. Nakuomba, puliza."

Siwema alikitazama kigae. Alijua kingebaki cheusi. Usiku uliopita alilala ukumbini, leo hakumshika mtoto. Tangu jana aliogopa hata kumsogelea, na hofu ile ile ndiyo iliyomweka safi. Nyuma ya Kabuche, ng'ambo ya reli, ulionekana moshi mwembamba. Mtu anapika. Hakujua ni nani, wala anapika nini, wala kwa maji gani.

Akaugeuzia ufito mgongo.

"Nipe nimbebe," alimwambia Zamda. "Wewe bado mzazi, safari ndefu."

"Mama, wewe huna. Baki."

"Nipe."

Alimpokea mjukuu wake. Pumzi ya mtoto ilimpiga shavuni, ya vuguvugu, inanukia togwa. Arafa alianza kuhangaika, anatafuta titi, mdomo wazi kama wa kinda. Siwema akampa kidole kile kilichokufa, kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu. Mtoto akakidaka, akanyonya kwa nguvu zake zote.

Hakusikia kitu. Waliongozwa barabarani, Bi Chausiku mbele na kifurushi, Zamda ameshika upindo wa gauni la mama yake kama alivyokuwa akifanya akiwa mdogo. Nyuma ya madirisha yaliyofungwa, watu walikuwa wanawaangalia. Walipita bomba la kona. Walipita lile shimo la barabarani. Bado hakusikia kitu.

Walipofika kwenye reli, kitu kikamchoma nchani mwa kidole, kidogo, kama sindano. Kisha joto. Kisha ufizi laini, mtupu, unaobana na kuachia.

Zamda alikuwa anamtazama usoni. Hakuthubutu kumbonyeza.

"Wasikia?" aliuliza.

Siwema alivuka chuma cha kwanza cha reli kwanza, ndipo akajibu.

"Nasikia."